Mwanafunzi wa Shem

Mifuko ya Jumatatu ndiyo iliyonuka kuliko yote. Marie-Goretti aliifungua huku amegeuza uso pembeni, kama mtu anayefunua sufuria ya maharage yaliyolala siku tatu, na bado harufu ilimfikia: jasho la miguu lililopikwa ndani ya viatu vya plastiki, bia, manukato ya wanaume, na ule uvundo wa nguo mbichi zilizofungiwa kwenye buti la gari kwa saa kumi na tatu, kutoka milima ya Colorado hadi Dallas. Mifukoni mwa makoti alikuta bigijii zilizotafunwa, mifupa ya kuku, bandeji zilizogandana na usaha wa malengelenge, na siku moja nepi ya mtoto iliyokunjwa vizuri kama sambusa. Wenye nguo hizo walikuwa na nyumba zenye mabafu matano. Uchafu wao waliubeba mchana kutwa barabarani ili mwanamke wa Kirundi autoe kwa vidole vyake.

“Hata paka hufukia chake,” alikuwa akisema, peke yake, kwa Kiswahili, maana huko nyuma hakukuwa na wa kumsikia.

Duka lilikodisha vitu vya theluji katika mji usio na theluji. Watu wa Dallas walikuja kuchukua makoti, suruali nene, glavu, miwani mikubwa, viatu vizito na mbao za kutelezea, wakapakia kwenye magari yao na kwenda mlimani. Wakirudi, walimwaga kila kitu mlangoni kikiwa kimelowa. Bwana Doyle, mwenye duka, aliwapokea kwa kicheko na kuwauliza kama walifurahi. Kisha mifuko ilisukumwa nyuma ya pazia kwa mguu.

Na walikuwa wakienda kufanya nini huko? Kupandishwa juu kwa viti vinavyovutwa na waya ili wateleze hadi chini, kisha wapande tena wateleze tena. Mtu mzima, baba wa watoto, siku nzima! Wengine walirudi na mguu kwenye plasta, wakicheka, kana kwamba kuvunjika ni zawadi. Marie-Goretti alizaliwa Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, na alikuwa amewaona watu wakishuka milima mbio. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelipia.

Ukutani mwa duka kulikuwa na ubao. Kila asubuhi waliandika juu yake inchi za theluji zilizotabiriwa, hasa za mlima mmoja uitwao Tolliver, ambako wateja wengi walikwenda. Marie-Goretti hakujua kusoma, lakini tarakimu alizijua, na tarakimu za ubao huo ndizo zilizompangia maisha. Zikiwa kubwa, simu ililia: njoo leo, na kesho, na Jumapili pia, misa utakwenda wiki ijayo. Zikiwa ndogo, aliambiwa abaki nyumbani Irving. Majira kumi na moja ya baridi aliishi hivyo, siku zake zikigawiwa na mawingu ya mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mume wake, Thaddée, alikwenda Houston kutafuta kazi ya kiwandani, akaipata huko, mtaa wa Gulfton, pamoja na mke mwingine. Watoto wakubwa walishaondoka. Alibaki na Mélissa, kitinda mimba, aliyekuwa akisoma chuo na kumjibu mama yake nusu Kiingereza.

Kitu kimoja tu katika kazi ile hakikumtia kinyaa, nacho alikipata katika kambi ya wakimbizi. Huko Kigoma alifua nguo za wafanyakazi wa mashirika. Daktari alisema ameshinda hospitali, lakini suruali yake ilisema ameshinda ziwani. Karani alisema hakutoka ofisini, na kola yake ilikuwa na utomvu wa muhogo. Marie-Goretti hakumwambia mtu. Alijua tu, na kujua kulimtosha, kwa sababu shule alinyimwa. Baba yake alisema kalamu ni ya kaka zake na ndoo ni yake.

Dallas vidole vyake viliendelea na kazi ileile. Pindo la suruali lilimwambia mengi. Tope la kahawia maana yake theluji ilikuwa nyembamba na watu wamekanyaga ardhi. Theluji nzuri, ile kavu kama unga, haiachi alama. Huingia mifukoni na kugeuza tiketi za karatasi kuwa ugali. Theluji inayotengenezwa kwa mashine hugandamana kuwa barafu, na aliyeanguka juu yake hurudi na kitambaa cha nyonga kinang'aa kama kimepigwa pasi ya moto. Mbao za kutelezea alizigeuza juu chini: mikwaruzo mirefu ilikuwa kazi ya mawe. Grisi nyeusi nyuma ya mapaja ilitoka kwenye viti vya kupandia, na asiyekuwa na grisi hakupanda popote. Alikaa baa, akarudi kuwasimulia jirani zake uongo. Ripoti za hoteli za mlimani zilipiga chuku, maana hakuna mwenye hoteli anayetangaza mawe. Nguo hazikujua kupiga chuku.

Shem aliyasikia haya kwa bahati. Alikuwa Mkenya wa Busia, miaka thelathini na mitano, mhudumu wa kaunta, msafi wa mavazi na mwepesi wa kucheka. Siku moja, majira manne yaliyopita, alipita nyuma kutafuta kamba akamkuta akibwata peke yake.

“Unasema hawa walikuwa kwenye mawe?” aliuliza. “Na ubao unasema inchi kumi na mbili?”

“Ubao haujavaa hii suruali.”

Shem alicheka, akaenda kumpigia simu mteja. Aliporudi hakuwa akicheka. Ilikuwa kweli, mawe matupu.

Tangu hapo alikuja kila Jumatatu na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alikuja na shikamoo. Mkenya yule labda hata mama yake mzazi hakuwahi kumpa shikamoo, lakini aliona haraka kwamba kwa mama aliyekulia Tanzania neno hilo hufungua mlango. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaandika kwenye simu kila alichoambiwa. Suruali hata moja hakuigusa. Alisema zinanuka.

“Mama, wewe ni profesa,” alimwambia.

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na alikivaa. Alifurahi, kwa nini tufiche? Tangu Thaddée aondoke hakuna mtu mzima aliyemuuliza jambo na kungojea jibu.

Yaliyokuwa yakiandikwa kwenye simu ile aliyajua mwezi Februari, Jumapili moja baada ya misa. Mélissa alikuwa amejilaza kwenye kochi akipaka kucha rangi.

“Mama, si huyu ni yule Mkenya wa kazini kwenu? Look.”

Kwenye simu Shem alikuwa amesimama mbele ya duka, amevaa koti la theluji katika jua la Dallas, miwani mikubwa juu ya paji la uso. Alikuwa akiongea kwa sauti ya kunong'ona, kama padri anayetoa siri.

“Anasema nini?”

“Ni ripoti yake ya theluji. Iko kila wiki, watu wanaipenda sana. Anasema ripoti za hoteli ni za uongo, yake ni ya kweli.” Mélissa aliongeza sauti. “Anasema amezaliwa chini ya Mlima Kenya. Babu yake alikuwa msomaji wa theluji wa kabila lao. Akishika nguo ya mtu aliyetoka mlimani anajua theluji ilikuwaje. Alimfundisha yeye alipokuwa mdogo.”

“Kabila gani?”

“Hajasema.”

“Busia na Mlima Kenya ni wapi na wapi?”

“Mama, mimi nimezaliwa Kasulu, nitajuaje?”

Marie-Goretti aliomba aione tena, na tena. Mara ya tatu alimsikia Shem akisema maneno yake mwenyewe, kwa Kiingereza lakini ni yaleyale: pindo, nyonga, grisi. Mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Angeiba na kusema ni akili zake mwenyewe, ungekuwa wizi wa kawaida, na wizi alikuwa ameuzoea. Huyu alikichukua kitu pekee ambacho mama alikuwa nacho, akampa mzee ambaye hajawahi kuwepo.

Kesho yake saa kumi na moja pazia lilifunguka.

“Shikamoo, mama.”

Marie-Goretti alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu. Aliendelea kukwangua.

“Mama? Shikamoo.”

Kukataa kuitikia shikamoo si jambo dogo. Hata adui huitikiwa. Shem alisimama akibadilisha miguu.

“Babu yako anaitwa nani?” aliuliza mama.

“Babu yangu? Babu gani?”

“Wa theluji.”

Shem alikohoa, kisha akacheka kile kicheko chake chepesi. “Ah, hiyo. Mama, hiyo ni stori tu. Hawa wazungu wanapenda stori. Sasa ningewaambia kuna mama mmoja huko nyuma anafua masuruali, nani angesikiza?”

“Na Mlima Kenya?”

“Mimi si ni Mkenya? Mlima ni wetu sisi wote.”

“Umewahi kuuona?”

“Kwa noti.”

Marie-Goretti alikiweka kiatu chini. “Sikiliza, Shem. Sitaki koti lako wala miwani yako. Simama mbele ya hiyo kamera useme ni mimi. Jina langu unalijua?”

“Mama Mélissa.”

“Hilo ni la mwanangu.”

Hakulijua. Miaka minne, mara mbili kila wiki, alikaa juu ya ndoo ile na hakulijua. Ilibidi amtajie polepole, Marie-Goretti, kama anamtajia karani wa kambi.

“Poa,” alisema Shem. “Vizuri kabisa. Jumamosi ya mwanzo wa likizo ya shule wanakuja watu wa televisheni, wanataka nisome nguo mbele ya kamera. Hapo nitakutaja. Haki ya Mungu, mama. Lakini wewe siku hiyo pumzika nyumbani, kutakuwa na fujo.”

Hakupumzika nyumbani. Jumamosi ile ya Machi alivaa kitenge chake cha Pasaka, akafunga aproni juu yake kwa ajili ya kazi, akapanda treni ya asubuhi. Duka lilifurika. Foleni ilitoka nje hadi kwenye magari, familia baada ya familia, watoto wakipigana kwa glavu. Ubao ulisema inchi kumi na nane zingeanguka Tolliver Jumanne. Inchi kumi na nane! Watu walizitamka kama wanavyotamka jina la mtakatifu.

Mtangazaji alikuwa msichana mwenye meno meupe sana. Alitaka mfuko uliofika kutoka mlimani asubuhi ileile, haujafunguliwa na mtu, na mteja mmoja akautoa kwenye gari lake. Marie-Goretti, aliyesimama kwenye pazia, aliona jasho likitokeza juu ya mdomo wa Shem. Mfuko ambao haujapita nyuma hakuwahi kuusoma hata mmoja.

Shem alifumba macho. Alichomoa suruali ya juu kabisa kwa ncha za vidole, akaipitisha chini ya pua yake bila kuigusa na pua, akaiinua juu ikichuruzika maji.

“Imelowa!” alisema. “Mnaona? Imelowa hadi mapajani. Theluji mpya, nyingi, nyingi! Babu angecheza ngoma.”

Foleni ilishangilia. Mwanamume mmoja aliwapigapiga watoto wake mabegani kwa furaha.

Marie-Goretti aliiona suruali ile kutoka alipokuwa, hatua nane, na haikuhitaji hata mkono. Theluji kavu hailowanishi namna ile. Yale yalikuwa maji ya theluji inayokufa kwa joto, uji uji, na pindo lilikuwa jeusi kwa tope. Mbao zilizotoka kwenye gari hilohilo zilikuwa zimeegeshwa kaunta, chini yake kumechanwa kama kwa msumari. Lakini alisimama. Alikuwa akingoja jina lake.

Shem alimshukuru Mungu, akamshukuru babu, akamshukuru Bwana Doyle kwa nafasi. Akaitabasamia kamera. Alikuwa amemaliza.

Ndipo miguu ya Marie-Goretti ilipotembea yenyewe. Alipita kando ya kamera, akachukua suruali mkononi mwa Shem, akakwangua pindo kwa ukucha wa dole gumba hadi tope likadondoka kwenye kaunta nyeupe. Akazigeuza mbao juu chini. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Alisema: hakuna theluji. Mawe. Tope. Joto.

Watoto waliacha kugombana.

“Na huyu ni nani?” aliuliza mtangazaji.

Shem alikuwa mwepesi, hilo lazima apewe. Kabla mama hajafungua mdomo, mkono wake ulikuwa tayari umemkumbatia begani.

“Huyu ni Mama!” alisema. “Mwanafunzi wangu! Ninamfundisha. Nilikosea makusudi nione kama atagundua, na mmeona? Amegundua! Mpigieni makofi Mama!”

Walipiga makofi. Foleni nzima, hadi wale wa nje waliokuwa hawajui wanapiga kwa sababu gani. Mtangazaji aliweka mkono kifuani na kutoa ile sauti ambayo Wamarekani huitoa wakiona mtoto wa mbwa. Bwana Doyle alipiga makofi kuliko wote. Neno la mwanafunzi Marie-Goretti alilijua kwa Kiingereza, Mélissa alikuwa akilisema kila siku. Alisema hapana. Alisema mimi, mimi, akijigonga kifua. Wakazidi kupiga makofi, maana walidhani anafurahi.

Alipita mlango wa nyuma akatoka kwenye maegesho kupumua. Hakukaa peke yake kwa muda mrefu. Mwanamke mmoja wa foleni alimfuata, mnene, mchangamfu, amevaa viatu vya kinesi.

“Mama, habari yako? Naitwa Kathure. Niko Irving, mimi ni nesi.” Alikuwa amejishika mbavu. “Ai, huyo Shem ataniua! Mimi ndiye nimezaliwa chini ya Mlima Kenya, Meru, nyumbani kabisa. Theluji tuliiona kwa mbali tu, huko juu. Hakuna babu aliyeikanyaga. Na huyo ni wa Busia, tunasali kanisa moja!”

“Kwa nini basi hukusema ndani?”

Kathure aliacha kucheka kidogo. “Ah, mama. Ni mtu wetu. Si unajua maisha ya hapa? Kila mtu anatafuta vile anaweza. Nitamwaibishaje mbele ya wazungu?”

“Na mimi ni mtu wa nani?”

“Usichukulie hivyo, mama.” Alisogea, akashusha sauti. “Lakini niambie ukweli. Tuko na watoto kumi na mmoja wa kanisa, tunaondoka kesho. Twende ama tusiende?”

Marie-Goretti alimtazama. Huyu alijua nani ni mwongo na nani anajua kazi. Alimlinda mwongo ndani, mbele ya watu, akaja kumwuliza mjuzi nje, kati ya magari, pasipo na anayeona. Jibu lilimjia tayari kwenye ulimi: kamwulize babu yake. Angelisema. Lakini aliwaona watoto wale kumi na mmoja ambao hawakuwa wamemdanganya mtu, wakiteremka juu ya mawe, wasiojua hata kusimama juu ya mbao.

“Usiwapeleke,” alisema. “Kuna joto huko. Hizo inchi kumi na nane zitashuka kama mvua.”

“Asante, mama! Mungu akubariki sana, sana.” Kathure alimshika mikono yote miwili, akamkumbatia, akarudi ndani kurudisha makoti. Jina la mama hakuliuliza.

Wengine wote walikwenda. Ubao ulikuwa umesema.

Jumatatu Bwana Doyle alikuja nyuma mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara mbili kwa mwaka, akiwa amekinga pua kwa mkono. Alimpa karatasi nzuri yenye mpaka wa dhahabu. Mélissa alimsomea jioni: cheti cha mwanafunzi bora wa Shem. Jina lililoandikwa lilikuwa Mary.

“Ni sweet kidogo, Mama,” alisema Mélissa, kisha akauona uso wa mama yake, akaiweka karatasi chini.

Siku hiyohiyo, kabla mama hajatoka kazini, Shem naye alikuja saa yake, akiwa na soda mbili baridi. Hakukaa kwenye ndoo.

“Mama yangu, usinikasirikie. Ile siku nilishikwa na woga, maneno yalitoka yenyewe. Lakini si umeonekana? Umeonekana kwa TV! Alhamisi wanakuja tena. Hebu niambie tu hii mifuko inasema nini.”

“Mwanafunzi bado hajui,” alisema Marie-Goretti. “Mwalimu asome.”

“Mama, tafadhali.”

Alimsogezea mfuko kwa mguu, ukiwa umefunguliwa, na uvundo ukamvaa Shem usoni. Alirudi nyuma hatua mbili. Hakuingiza mkono. Hata siku ile, riziki yake ikiwa humo ndani, hakuweza kuingiza mkono, na Marie-Goretti akaona kwamba alikuwa amemkasirikia mtu mtupu kama mfuko uliokwisha kukung'utwa.

Jumanne mvua ilinyesha Tolliver. Watu walirudi na tope hadi magotini, mmoja na mkono kwenye plasta, na Marie-Goretti alidhani sasa patawaka moto. Hapakuwaka. Bwana Doyle alimpa kila mmoja kofia ya bure. Walilalamika kidogo, wakacheka, wakaulizia Desemba. Alhamisi Shem alisimama mbele ya kamera na kusema mlima umewashangaza hata wahenga wa kwao. Watu waliipenda hiyo kuliko zote. Hapo ndipo Marie-Goretti alipoelewa, na kinyaa chake kikahama kutoka kwenye soksi na nepi kikawashika wenye nguo wenyewe. Hawakuwa wametaka ukweli hata siku moja. Walitaka mtu wa kuwaambia nendeni.

Wiki moja kabla ya Pasaka aliacha kazi. Alivua aproni, akaitundika, akaondoka mchana mifuko ikiwa imejaa.

Hoteli moja karibu na uwanja wa ndege ilikuwa ikitafuta watu wa dobi. Walikaa mezani Irving, yeye na Mélissa, na fomu katikati. Mélissa alijaza tarehe, anwani, simu.

“Hapa wanauliza ujuzi wako. Unajua kufanya nini.”

Marie-Goretti alijinyoosha kwenye kiti. “Andika: anasoma nguo. Anajua kutoka kwenye nguo mtu alikuwa wapi, alikanyaga nini, alianguka juu ya nini. Alijifunza Kigoma, peke yake. Miaka minne alimfundisha mtu Dallas, na mtu huyo hakujifunza.”

“Mama, ni hoteli. Wanataka mtu wa mashuka.”

“Andika.”

Mélissa alishusha pumzi, akainama, kalamu ikatembea. Ilitembea upana wa vidole viwili, ikasimama. Akafunika kalamu na kuanza kukunja fomu.

Mama yake hakujua herufi hata moja kati ya zile. Lakini alikuwa amesema maneno mengi, na alama iliyobaki kwenye karatasi ilikuwa fupi kama pindo la soksi. Aliweka kiganja chake juu ya fomu, vidole vyake vilivyochunwa na sabuni vikiwa vimetanuka, akaishikilia pale mezani.

“Hapo umeandika neno moja,” alisema. “Fungua kalamu.”

“Mom.”

“Mimi sina haraka, mwanangu. Nitarudia yote, polepole. Andika.”

Na hakuondoa mkono mpaka mstari ulipojaa, ukashuka wa pili, ukashuka wa tatu.